Boriti Arobaini na Tatu

Jumamosi tulifumua nyumba ya mama mkwe, Majengo,
mimi, fundi Elirehema, na kijana wa kushika ngazi.
Bati lilikuwa limekwisha, linameguka kama andazi la jana,
lakini boriti, chini ya masizi ya miaka sitini,
msumeno ulizigusa ukapiga yowe.
"Miti gani hii?" Elirehema akauliza.
"Hata mchwa wa Moshi wameiamkia wakapita."

Bi Mwanamkasi alikaa barazani kwa jirani, kiti cha plastiki,
akiitaja kila moja ikishuka, kama anayeita majina shuleni:
mkandaa, mkandaa, muia,
huo mnene mkoko wenyewe, uwekeni kivulini.
Ilipofika ya arobaini na tatu
akaramba kidole kilichogusa vumbi lake.
"Bado," akasema. Chumvi.

Mumewe alizileta kwa reli kutoka Tanga,
behewa la mizigo, mwaka wa harusi yao.
"Tuliona fahari. Hatukuuliza zilikuwa zimesimama wapi."

Zilikuwa zimesimama Bweni, mbele ya kwao,
miguu matopeni, mingi kuliko mwili ulivyohitaji,
zimebanana kama kina mama kwenye foleni ya bomba
ambapo hapenyi mtu bila kujieleza.
Wimbi lilikuja na ubabe wake wote wa kutoka mbali,
likaingia mle kati, likaanza kuulizwa maswali:
watoka wapi, waenda kwa nani, umebeba nini?
Hadi kufika kizingitini kwa mama yake
lilikuwa maji tu, ya kulowesha pindo la kanga.

Kisha yakaja mashoka. Yalikuja na bei nzuri.
Kisha bamvua la mwezi mpevu, na upepo juu yake,
na barua iliyomfikia hapahapa, imeandikwa kwa penseli:
maji yameingia hadi jikoni, minazi tisa imelala,
kaburi la babu hatulioni.
Aliisoma kitandani. Akatazama juu.
Miaka yote hiyo amelala chini ya uzio wa kwao.

Mlima hauna bamvua, lakini una Aprili.
Mwaka jana Kileo alifyeka misesewe na mikuyu ukingoni mwa Rau
apate matuta manne ya nyanya.
Mto ukashuka usiku na mawe yake mfukoni,
ukachukua nyanya, ukachukua choo, nguruwe wawili,
ukamwachia Kileo ufunguo wa banda.

"Hapa hakuna bahari, mama," nilimwambia.
"Maji ni mtu mmoja," akajibu, "hubadili kanzu tu.
Na haya yenu ndiyo yanayoshuka, yakalala Nyumba ya Mungu,
yakaamka, yakafika kwetu na udongo wenu mdomoni."

Jamaa wa hoteli, Arusha, anapiga simu kila siku:
anazitaka, atalipa taslimu, ni za mapambo.
Mama mkwe hataki hata kuisikia bei.
Tumezichonga ncha, tumezikita ukingoni safu mbili,
matete tumesuka katikati, na nyuma yake
miche ya mkuyu, na masale,
ili Kileo na mto waombane radhi.
Elirehema alicheka: "Bibi, unapanda maiti?"
Hazitachipua, anajua. Amezeeka akijua.
"Zisimame tu," alisema, "mpaka watoto wasimame."

Jana usiku mvua ilinyesha juu, Uru; hapa kwetu nyota.
Nikashuka na tochi. Betri ilikuwa inakufa.
Sikuona kitu. Sijui ukingo umebaki kiasi gani,
nitakwenda kupima kukikucha.
Nilisikia tu, gizani, mto ukifika kwa fujo,
kisha ukipunguza sauti,
kama mtu aliyesimamishwa mlangoni
akaambiwa ajieleze.